Wiki ya Krismasi ya Tajiri Wangu

Mwanangu alikuwa anajua baba yake anakaa ndani ya simu. Simlaumu, ndiko alikomkuta. Alipoanza kusema, wapangaji wenzetu wakimuuliza baba yuko wapi, anakimbilia kitandani, anachukua simu yangu, anaigeuza mbele na nyuma, kisha anawajibu, "Kalala." Maana simu imekata chaji. Watu wanacheka. Na mimi nacheka nao, nikirudi ndani nauma kanga.

Tunakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya uani, nyuma ya Msimbazi, ambako siku hizi kila kiwanja kinajengwa ghorofa na jua linatufikia kwa zamu. Mume wangu hakai hapo. Mume wangu anatandika vitanda kwenye hoteli ya watalii kule kaskazini, juu mlimani, ndani kabisa ya hifadhi ya wanyama. Sio mahali pa kusema utapanda basi, ukichelewa utalala gesti. Gesti hakuna. Geti linapitisha wafanyakazi na wageni wenye vyumba, basi. Wafanyakazi wanalala mabwenini nyuma ya jiko, wanaume wamebanana kama wanafunzi, na mke hana ruhusa hata ya kukanyaga kivuli cha hilo bweni.

Likizo wanapewa masika, watalii wakipungua. Masika ya kwanza mtoto alikuwa hata hajajua kukaa. Ya pili baba mkwe alifariki kule Masasi, likizo yote ikaishia msibani. Dar akapita kama mtu anayebadilisha basi, akamkuta mtoto amelala na homa, akamshika mguu, akaondoka. Masika iliyofuata wakamwambia mwenzake kaacha kazi, avumilie kidogo. Avumilie kidogo. Mimi nilikuwa navumilia kitu gani kwani, sikukuu?

Alikuwa anapiga kila jioni akipata mtandao. Kuna jiwe nyuma ya chumba cha dobi, ukisimama juu yake simu inashika. Anamwonyesha mtoto taulo alizokunja siku hiyo: tembo, bata, nyani anayening'inia kwenye hanga. Ndiyo kazi yao, mgeni akiingia chumbani akute mnyama wa taulo kitandani. Mtoto anabusu kioo. Nikimaliza kukifuta mate, mtandao umekata.

Hasira nilikuwa nazo, ila nilikosa wa kumpelekea. Hoteli siijui. Mume anatuma matumizi, hanywi, hapigi. Nimgombeze kwa lipi? Nikawa nagombana na maji, na jiko la mkaa, na mafundi wa ghorofa la jirani wanaomwaga kokoto mtoto akilala.

Kazi yangu mimi ni dukani, hapa hapa Kariakoo, mashuka na mapazia, jumla na rejareja. Tajiri wangu ni mama wa Kichagga, mtu mzima, mwili upo na sauti ipo. Hesabu anapiga kichwani kabla mteja hajatoa kalkuleta. Lakini meseji ndefu, hasa za Kizungu, ananitupia mimi kwa sababu ya kidato changu cha nne. "Soma, halafu niambie wanataka nini. Kama wanataka hela usinitafsirie yote, sema tu hela."

Kila mwaka ilikuwa inakuja meseji moja inayohusu "wiki yako". Mara ya kwanza nilimwambia afute, matapeli hao.

"Sio matapeli, binti," akasema. "Huo ni ujinga wangu mwenyewe."

Akanihadithia. Zamani, biashara ikiwa imechanganya, alikwenda kwenye maonyesho ya biashara kutafuta wateja wa mashuka. Mabinti wenye suti wakamkalisha kwenye kiti laini, wakampa juisi, wakamwonyesha picha za hoteli ya ufukweni kule kaskazini mwa jiji. Vyumba vya hoteli ile vilikuwa vinauzwa kwa wiki. Unanunua wiki yako, kila mwaka wiki hiyo hiyo chumba kinakuwa chako mpaka watoto wako wairithi, na wiki zilizobaki ni za watu wengine. Wenyewe wanaita taimshea. Tajiri wangu hakuuliza maswali mengi. Ameuza vitu maisha yake yote, anajua kizuri ndicho ghali. Akauliza wiki ghali kuliko zote ni ipi. Wakamwambia ya Krismasi. Akasema nipeni hiyo.

Wale mabinti hawakumuuliza Mchagga anakuwa wapi Krismasi, na yeye mwenyewe hakukumbuka. Mpaka leo nashindwa kuelewa. Huyu ni mtu anayeanza kukusanya zawadi za kupeleka Moshi kabla hata mvua za vuli hazijaanza. Desemba ikifika mwishoni, nusu ya Kariakoo inapiga kufuli. Wote wako juu, Kilimanjaro. Huko ndiko mbuzi anakochinjwa, kesi za mashamba zinasikilizwa, watoto wanaonyeshwa makaburi ya babu zao, na kila mtu anatazama kila mtu amekuja na gari gani.

"Nikikosa Krismasi moja tu," aliniambia, "watasema nimefilisika. Watanichangia, binti. Mimi nichangiwe?"

Kwa hiyo wiki ghali kuliko zote ikawa inalala yenyewe kila mwaka, kitanda kimetandikwa, bahari inapiga kelele, hakuna mtu. Na ada ya matunzo alikuwa analipia huku anatukana. Alijaribu kuitembeza kwa wafanyabiashara wenzake. Jirani yetu wa zipu na vifungo alimuuliza kwa sauti, ili mtaa wote usikie, "Hiyo wiki unaiuza kwa mita au kwa robota?" Tangu siku hiyo haikutajwa tena pale dukani.

Mwaka juzi meseji ilipokuja niliisoma yote. Sikuwa na mteja, nilikuwa nakula mihogo ya kukaanga. Chini kabisa waliandika kwamba mwenye wiki asiyeitumia anaweza kuikabidhi kwa kampuni ya kubadilishana, akachagua kukaa kwenye hoteli nyingine badala ya ile ya kwao. Nikabonyeza. Zikaja hoteli, picha juu ya picha, nchi kwa nchi. Nikateremka mpaka Tanzania, nikiangalia tu kama mtu anayeangalia nguo asizonunua.

Nikaliona lile baraza. Mawe meusi, benchi la gogo, mablanketi mekundu yamekunjwa kwenye kapu. Nimeliona mara nyingi nyuma ya kichwa cha mume wangu, akiwa anatembea kwenda kwenye jiwe lake la mtandao. Picha iliyofuata ilikuwa kitanda, na kitandani tembo wa taulo, sikio moja limelala. Sijui kama alimkunja yeye. Nilitaka awe amemkunja yeye. Mafuta ya mihogo yakabaki kwenye kioo cha simu ya watu.

Masharti yake niliyasoma siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka nikawa nayajua kama wimbo wa shule. Ukishakabidhi wiki yako, imekwenda, huirudishi. Wiki inayotakiwa na wengi inavuta hoteli nzuri, na ya Krismasi inavuta popote. Akienda mtu ambaye siye mwenye wiki, anaandikiwa hati ya mgeni yenye jina lake. Ila hoteli unayoitaka haikusubiri wewe. Lazima mtu mwingine, mwenye wiki yake kule, aamue mwaka huo haendi, aikabidhi. Ndipo unaingia wewe kwenye nafasi yake.

Nilimfuata tajiri wangu akiwa anakula ndizi nyama, maana akila anasikiliza.

"Mama, ile wiki yako."

"Imefanya nini tena?"

"Naiomba."

Akanitazama. "Wewe Muislamu, Krismasi ufukweni unakwenda kufanya nini?"

Nikamweleza siitaki bahari, nataka kuibadilisha, na nikamwonyesha picha ya baraza. Aliishika simu mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Kwa hiyo unataka kwenda kulala kwenye hoteli ambayo mumeo anatandika."

"Ndiyo, mama."

"Kama mgeni."

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Alicheka akafuta machozi kwa kona ya shuka la sampuli. Nikasimama pale nikimngoja amalize, na naapa angeendelea kidogo ningeacha kazi. Kisha akanyamaza, akaniuliza mtoto hajamwona baba yake tangu lini.

"Tangu ajitambue hajamwona akiwa macho," nikasema.

Hakusema pole. Alimaliza kula. Alipokuwa ananawa akaniambia Krismasi hiyo nitafungua duka peke yangu kwa muda wote yeye akiwa juu, na Januari, mapazia yakiwa hayatoki kwa sababu watu wako kwenye ada za shule, niende zangu. "Na usiwaambie hawa wa zipu."

Tukaenda Posta, kwa wakala wa ile kampuni, kwenye ghorofa lenye baridi ya mashine. Tajiri wangu akasaini anaikabidhi wiki yake. Dada wa pale alikuwa na kucha nzuri na sauti ya taratibu. Akaandika ombi langu, akasema kwa sasa hoteli hiyo haina nafasi, tutaarifiwa, tusubiri.

Nikasubiri. Sijui kama kuna mtu aliyesoma simu ya mwenzake kama nilivyoisoma ile. Walileta nafasi nyingi tu. Walileta Mombasa. Walileta Afrika Kusini, kwenye hoteli yenye bwawa lililozunguka nyumba nzima. Walileta sehemu ya Ulaya yenye ziwa na theluji. Walileta Dubai, na hapo tajiri wangu mwenyewe akaingia tamaa.

"Si uende Dubai? Uniletee na sampuli za mapazia."

"Siendi Dubai."

"Mume yuko, hakimbii."

"Mama, siendi Dubai."

Dunia nzima ilikuwa wazi kwa ajili yangu, imefungwa chumba kimoja tu. Nikaanza kumfikiria huyo mwenye wiki kule mlimani. Nilimfanya mzee, na mkewe, watu wa mbali. Nilimwombea, sio mabaya. Nilimwombea achoke na tembo. Nilimwombea mwanaye aolewe wiki hiyo hiyo. Nikiwa nampimia mteja kitambaa cha pazia, kichwani naongea na mtu nisiyemjua, namwambia mwaka huu baki nyumbani, mzee wangu, baki na wajukuu.

Jumapili nampeleka mtoto Mnazi Mmoja akimbie kwenye nafasi. Pale wanakuja wanaume na watoto wao, wamewabeba mabegani, watoto wanashika masikio ya baba zao kama usukani. Wangu anasimama anawatazama. Haombi kitu. Angelia ningejua la kufanya.

Mtoto nilimnunulia sweta la mtumba kabla sijapata chumba. La njano, nene, lina vifungo vya mbao. Alilivaa ndani, feni inazunguka, jasho linamtoka, hataki kulivua. Nikaenda soko la samaki la Feri nikatafuta pweza, nikamkausha mwenyewe juani kama tunavyofanya kwetu kusini, maana huendi kwa mtu mikono mitupu, na mume wangu kule juu hajala kitu cha baharini siku nyingi. Wapangaji walilalamika harufu. Nikawaambia wahame.

Desemba ilipofika mwisho, tajiri wangu akapanda gari lililojaa mpaka madirisha, akaenda kwao. Nilibaki na duka, na mtoto akichezea vipande vya pazia chini ya meza. Siku mbili tatu hivi mtaa ulikuwa umepoa kabisa, unasikia nyayo zako. Ndipo ikaingia meseji kwenye simu ya duka. Ombi lako limethibitishwa. Januari. Jina langu lilikuwa pale, herufi zote. Nilikaa juu ya robota la mashuka, nikalia. Mama mmoja akaingia kuuliza bei ya foronya. Nikamwambia asubiri, akasubiri, hata hakuuliza.

Jioni mume alipopiga nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia tangu mwanzo, niliogopa kumpa kitu halafu kikatoka mkononi.

"Usije," akasema.

"Nini?"

"Mke wangu, usije. Hujui huku kulivyo. Mfanyakazi hakai na mgeni. Haruhusiwi kukaa mezani, haruhusiwi kula chumbani, akimaliza chumba anatoka. Nitakuwa nawaletea taulo. Mtoto wangu aje aniite mhudumu?"

"Omba likizo wiki hiyo."

"Nimeomba tangu Novemba, niwafuate huko Dar. Wamekataa. Ni msimu."

Hilo hakuwahi kuniambia. Kumbe na yeye alikuwa analo lake, kalificha lisije likamponyoka. Nilitaka kumtukana na nilitaka kumkumbatia, na kwenye simu huwezi kufanya hata kimoja vizuri.

"Basi utatuletea taulo," nikasema. "Mimi nakuja."

Nauli ilitoka kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa. Tulienda na basi mpaka mji wa mwisho, tukalala, asubuhi gari la hoteli likatuchukua pamoja na wazungu wanne wenye kofia. Geti la hifadhi likasoma jina langu likafunguka. Baridi ilikuwa ya kweli. Ukungu umekaa kwenye miti kama pamba ya godoro lililochanika, na mwanangu ndani ya sweta lake la njano, kwa mara ya kwanza halimtoi jasho.

Hotelini wana desturi, wageni wakishuka wafanyakazi wanajipanga mlangoni, mmoja ana juisi, mwingine ana sinia la taulo ndogo za moto za kufutia mikono. Wa sinia alikuwa mume wangu.

Amekonda. Amevaa shati la kijani lenye vifungo mpaka shingoni. Aliwapa wazungu taulo kwa koleo, mmoja mmoja, karibuni, karibuni. Alipofika kwangu koleo likagonga sinia. Tulishakubaliana kwenye simu, mbele za watu hatujuani. Mhudumu wa mapokezi aliniita madam. Kariakoo naitwa dada mapazia.

Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. "Karibu, mtoto mzuri," akasema.

Mwanangu hakumtazama usoni hata kidogo. Aliisikia ile sauti, akageuka haraka, akaanza kufungua zipu ya mkoba wangu, anatafuta simu.

Mume wangu alisimama, akaenda na sinia lake jikoni. Nilimwona mgongo tu.

Usiku ule kitanda kilikuwa kikubwa kama uwanja. Nililala pembeni, upande wangu, kama nilivyozoea. Yeye alikuwa nyuma ya jiko, labda hatua chache kuliko kutoka dukani kwetu mpaka kituo cha mabasi, na mimi nilimkosa kuliko nilivyowahi kumkosa nikiwa Dar. Dar kuna umbali wa kusingizia. Pale sikuwa na cha kusingizia. Nilisema na dari. Nilitukana hoteli, nikatukana na baridi yao.

Asubuhi mlango ukagongwa. "Usafi."

Nikafungua. Akaingia na toroli lake, akaacha mlango wazi kama wanavyotakiwa. Mtoto alikuwa anakula mkate kitandani. Tukasalimiana kama watu wa benki. Akaanza kazi, anavua mashuka, anapiga mito, anaingia bafuni, sinki linasuguliwa, na mimi namfuata nyuma kama mkaguzi, nikitaka kusema na sijui nianzie wapi. Alinieleza kwa haraka huku anatandika: kila chumba kina muda wake, msimamizi anapita kwenye korido, chumba kikiisha anaingia kinachofuata. Muda wote ule tuliopewa aliumaliza ameinama. Mtoto alimwangalia mgongo mpaka akatoka.

Nilipofunga mlango ndipo ikanijia. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Siku iliyofuata niliamka na ndege wa kwanza. Nilivua mashuka, nikatandika upya, kona nikazikunja kama wanavyozitaka, kwani mimi nauza nini? Nikasugua bafu, nikafuta vioo, nikadeki kwa taulo la miguu nikiwa nimepiga magoti. Wazungu wanaamka kwenda kuangalia simba, mimi nasugua choo cha likizo yangu. Jasho lilinitoka kwenye ile baridi. Tulipopata kusikia toroli, chumba kinang'aa.

"Usafi."

Akaingia, akasimama katikati. Akaangalia kitanda. Akachungulia bafuni.

"Umetandika?"

"Nimetandika."

"Basi tukae," akasema.

Tukakaa sakafuni, upande wa dirisha, ambako mtu wa korido hakuoni. Nikafungua pweza. Alikula taratibu, kwa vidole, macho ameyafumba, na mimi nikafungua dirisha harufu itoke. Mtoto alikaa nyuma yangu ananichungulia begani. Hakumkimbilia. Sikumlazimisha. Mume wangu akachukua taulo, akaanza kukunja, hamtazami. Miguu ikatoka, mkonga ukatoka. Sikio moja likalala.

Mwanangu akatoka nyuma yangu. Akamtazama tembo. Akamtazama mwenye mikono. Akaenda, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, vile vile alivyokuwa anagusa kioo, na nadhani alishtuka kwamba ni la moto.

"Umetoka?" akamuuliza.

"Nimetoka," akasema baba yake.

Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Nikiamka natandika, nasugua, nakaa namngoja. Wageni wengine walirudi jioni wakisimulia vifaru. Mimi sikwenda kuangalia mnyama yeyote. Ndoa yangu ilikuwa na muda wa kusafisha chumba kimoja, na niliutumia wote. Tuligombana humo pia, msifikiri. Nilimwambia yote ya masika, ya homa, ya Mnazi Mmoja. Akasikiliza. Akaniambia akiacha kazi leo, kesho atakuwa anauza soksi mbele ya duka langu. Nikamwambia soksi zina ubaya gani. Akacheka.

Asubuhi ya mwisho alivua viatu, akajilaza kitandani. Mtoto akaruka katikati. Nikalala upande wangu. Tulikuwa watatu kwenye kitanda kimoja, juu ya shuka nililolitandika mwenyewe, tunasikia toroli la mwenzake korido ya pili. Kisha akainuka. Akavaa viatu. Akalinyoosha lile shuka kwa viganja, pale alipokuwa amelala, taratibu, mpaka pakawa hapana alama kwamba kuna mtu alilala. Ni kazi yake, mikono imezoea. Lakini nilitaka kumshika ile mikono nimwambie aache, aache hivyo hivyo.

Tulirudi Dar. Tajiri wangu aliniuliza hoteli ilikuwaje, chakula kizuri? Nikamwambia kizuri. Akaniuliza mumeo anatandika vizuri? Nikamwambia mimi namshinda. Meseji ya wiki ilipokuja tena mwaka jana aliniwekea simu mbele, hakutaka hata nimsomee. "Ikabidhi," akasema. "Mimi Krismasi nina kwetu." Nimeikabidhi. Nimeomba hoteli ile ile. Hawajajibu bado, na masika imepita, na mume wangu ameambiwa avumilie kidogo.

Mwanangu hataki tena simu. Baba akipiga anatazama kioo, anasema, "Huyo bado yuko ndani," anarudi kucheza. Na asubuhi, kabla sijaenda dukani, anatoka nje ukumbini, anaufunga mlango wa chumba chetu, anagonga.

"Usafi."

Nafungua. Lazima nifungue, nisipofungua anagonga mpaka wapangaji wanaamka. Anaingia amevaa sweta lake, joto hilo, anasimama katikati ya chumba anakagua kitanda.

"Umetandika?"

"Nimetandika."

"Basi tukae."

Tunakaa sakafuni upande wa dirisha. Dirisha letu linatazama ukuta wa ghorofa. Yeye anakaa huku, mimi nakaa kule, na katikati anataka tuache nafasi ya mtu mmoja.